Picha ya Baba na Jua la Adhuhuri

Katika sebule ya mama yangu, karibu na mlango wa chumba chake, imetundikwa picha moja ambayo kila mgeni akiitazama huuliza, "Huyu ni nani?" Ni picha ya marehemu baba yangu. Amesimama wima mbele ya ukuta wa kanisa uliopakwa chokaa, amevaa kanzu nyeupe na kofia ya pama, na mikono ameinyosha ubavuni kama mwanafunzi aliyeitwa jina lake. Kanzu yaonekana vizuri sana, hata mishono ya shingoni waweza kuihesabu. Chokaa ya ukuta yang'aa. Lakini chini ya ukingo wa kofia hapana macho. Pana giza tu, na chini ya giza hilo yatokeza ncha ya pua na kidevu. Mtu aliyerina asali katika misitu ya Unyamwezi tangu ujana wake, na ambaye kicheko chake kilijulikana kabla hajaonekana njiani, amebaki kwetu kama kanzu iliyosimama peke yake.

Picha hiyo naliipiga mimi kwa simu yangu, Jumapili ya Pasaka ya mwaka 2015, tulipotoka kanisani, nayo yapata saa 7 ya mchana. Baba alipofariki mwaka 2017 twalitafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza, wala hatukupata nyingine iliyofaa kukuzwa. Nalikwenda mjini kwa mwenye kusafisha picha, nikamwomba auangaze uso. Akauangaza. Giza likageuka kuwa kijivu chenye punje punje kama majivu ya jikoni, na macho hayakutokea, kwa sababu hayakuwamo tangu mwanzo.

Siku ya maziko shangazi yangu aliitazama picha ile kitambo, akasema kwa upole, "Kaka yangu alikuwa mweusi mno. Picha haikumpenda." Wazee waliokaa karibu wakaitikia. Nami nalinyamaza, maana siku ile haikuwa ya kubishana. Lakini neno lile limenikaa moyoni mpaka leo. Tangu hapo nimelisikia mara nyingi, kwa wazazi wa wanafunzi wangu, hata kwa wasichana wa darasa la saba ambao wakiona simu imeinuliwa hujificha nyuma ya wenzao walio weupe kidogo. Husema picha haiwapendi. Naandika leo kwa ajili yao, ya kwamba neno hilo si kweli. Ngozi ya baba yangu haikuwa na kosa. Kosa ni langu mimi niliyemsimamisha mahali pasipofaa, kwa saa isiyofaa.

Na nianze na jua lenyewe. Tabora iko yapata digrii 5 kusini ya ikweta, na kwa hiyo jua hupita juu ya utosi wetu kabisa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Miezi mingine halisogei mbali sana. Hata mwezi wa Juni, linapoegemea upande wa kaskazini, adhuhuri bado husimama zaidi ya digrii 60 juu ya upeo wa macho. Nalipopiga hesabu hii nalistaajabu: jua la adhuhuri la Juni huko London, ambalo kwao ndilo la juu kuliko yote katika mwaka, lakaribia kuwa sawa na jua letu la adhuhuri la Juni, ambalo kwetu ndilo la chini kuliko yote. Basi ile kanuni ya zamani ya wapiga picha, isemayo kwamba mpiga picha alipe jua mgongo na anayepigwa alielekee, yawafaa watu wenye jua la ubavuni. Jua letu la mchana halina ubavu. Humwagika kichwani kama maji ya ndoo: paji la uso hulowa, pua hulowa, mashavu hulowa kidogo, lakini macho, yaliyo chini ya paa la nyusi, hubaki makavu. Ukiongeza na kofia ya pama, umelijengea paa lile baraza.

Tena wengi hudanganywa na saa. Saa za Tanzania hufuata mstari wa digrii 45 mashariki, ambao haupiti katika nchi yetu hata kidogo. Uko baharini, mbali mashariki ya Dar es Salaam. Tabora iko karibu na digrii 33, na jua huchukua dakika 4 kuvuka kila digrii moja. Kwa hiyo adhuhuri ya kweli hutufikia yapata saa 7 kasorobo. Mtu amwambiaye mwenziwe, "Tungoje saa 6 ipite ili jua lipungue," amengoja mpaka likafika kileleni. Ndivyo nilivyofanya mimi siku ile ya Pasaka, nikidhani nina busara.

Shuleni jambo hili hulifundisha kwa fimbo. Twaichomeka wima uwanjani, na watoto hupima kivuli chake kila baada ya nusu saa. Asubuhi kivuli ni kirefu kuliko fimbo, baadaye vyalingana, halafu kivuli huwa kifupi hata kikawa kama kifundo miguuni pa fimbo. Nami huwaambia hivi: kivuli cha mtu kikiwa kirefu kumpita mwenyewe, waweza kumpiga picha juani, kikiwa kifupi, mtafutie mahali penye kivuli. Kwetu saa njema za asubuhi huisha karibu saa 4 kasorobo, nazo hurudi jioni yapata saa 10. Miezi ya Juni na Julai huongezeka kidogo. Jua la namna hii huingia chini ya nyusi, tena lina wekundu wa dhahabu ulio mzuri sana juu ya ngozi nyeusi. Ila usimlazimishe mtu kulitazama, maana atakunja uso kama anayekunywa mwarobaini. Mgeuze kidogo, jua limguse shavu moja, na shavu la pili lipate nuru ya mbingu.

Jambo la pili ni kamera yenyewe, na hapa ndipo palipofichwa sehemu kubwa ya kosa langu. Kamera haimjui baba wala haijui ukuta. Yenyewe hupima mwanga wote ulio mbele yake, ikaupunguza au ikauongeza mpaka jumla yake iwe ya kadiri, si nyeupe mno wala si nyeusi mno. Basi nalipomweka baba mbele ya ukuta wa chokaa, naye amevaa kanzu nyeupe, kamera iliona weupe kila mahali, ikasema kwa namna yake, "Mwanga umezidi," ikaupunguza. Ukuta ukatulia. Lakini uso, ambao tayari ulikuwa kivulini mwa kofia, ukapunguziwa hata kile kidogo ulichokuwa nacho. Laiti ningalimweka mbele ya ukuta wa udongo, au mbele ya shina la mwembe, kamera ingaliona giza la kadiri ikafungua jicho lake zaidi. Watu wetu hupenda ukuta mweupe kwa sababu ni safi, na siku za ubatizo na za komunyo ya kwanza watoto wote hupangwa mbele yake kwa mavazi meupe, saa ile ile ya adhuhuri. Ndizo siku ambazo tunataka sana kuziona nyuso za watoto wetu, na ndizo tunazozipoteza.

Simu nyingi za siku hizi hukuruhusu kurekebisha jambo hili. Gusa kwa kidole uso wa mtu pale kwenye kioo cha simu, nayo itapima mwanga kwa uso huo. Kisha, ikiwa kuna alama ya jua kando yake, ipandishe kidogo mpaka macho yatokee. Ukuta ukiwa mweupe kupita kiasi, na uwe hivyo. Hakuna atakayekuja kuuliza habari za ukuta.

Msomaji mmoja aweza kuniambia, "Mwalimu, lakini shangazi yako hakukosa kabisa." Ni kweli, hakukosa kabisa. Kwa miaka mingi ya karne ya 20 kampuni ya Kodak ya Marekani iliwapelekea wasafishaji wa picha kadi zenye sura ya mwanamke mweupe, ili wairekebishe mitambo yao mpaka ngozi yake itoke vizuri. Ngozi nyeusi haikuwekwa katika kipimo hicho. Lorna Roth, mwanachuoni wa Kanada aliyeandika habari hizi mwaka 2009, aeleza kwamba miongoni mwa waliolalamika, hata utengenezaji wa filamu ukabadilishwa, walikuwa watengenezaji wa samani na watengenezaji wa chokoleti, kwa maana rangi za kahawia za bidhaa zao hazikutofautishwa vema. Naliposoma hayo nalicheka, kisha sikucheka tena. Mbao zililalamikiwa na chokoleti ililalamikiwa! Hata hivyo simu yangu ya mwaka 2015 haikuwa na filamu ndani yake, na siwezi kuitwika Marekani mzigo wa kofia ya pama.

Na shida ya picha na jua katika njia hii ya misafara si ya jana. Mwaka 1860 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walitoka pwani kuifuata njia ya kuja huku kwetu. Grant alikuwa na kamera, naye alikwisha kupiga picha Unguja. Siku zile picha zilipigwa juu ya vioo vilivyopakwa dawa, na mpiga picha alipaswa kuvitengeneza vioo hivyo ndani ya hema dogo lenye giza. Speke alipoona ya kuwa joto la hema lile litamwua mwenzake, aliirudisha kamera pwani. Basi walipofika Kazeh, mahali palipo Tabora ya sasa, mwezi wa Januari 1861, Grant alikuwa na kalamu na rangi zake tu. Mimi nikisoma hayo huwawaza wapagazi wa Kinyamwezi, waliokwenda pwani na kurudi wakichukua pembe na nguo. Babu wa babu zetu walikuwamo. Wengi sana miongoni mwao hawakuacha uso wowote nyuma yao, hata wa kuchorwa.

Ni katika njia hiyo hiyo nilipopata kujifunza. Mwaka 2022 twaliwapeleka watoto wa darasa la sita Kwihara, nje kidogo ya mji, kuitazama tembe iliyofanywa makumbusho, mahali ambapo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872 baada ya kuonana Ujiji. Twalichelewa njiani kwa sababu ya gari, tukafika jua likiwa utosini. Watoto walitaka picha, nami naliona haya kuwaambia wangoje mpaka saa 10. Msichana mmoja, mweusi sana, aliyezoea kujificha nyuma, alikuwa amekimbilia ndani ya mlango kwa ajili ya joto. Alisimama hatua moja nyuma ya kizingiti akiangalia nje. Nalimwona, nikashangaa. Nuru ya uwanja mzima ilikuwa imemfikia usoni, laini, bila doa la jua. Nyuma yake palikuwa na giza la nyumba ya udongo. Na katika kila mboni ya jicho lake palikuwa na alama ndogo ya mbingu, nyeupe, kama tone la maziwa. Nalimpiga picha papo hapo. Alipoitazama hakusema neno. Aliniomba tu nimpelekee mama yake.

Alama ile ndogo ndiyo nilikuwa siijui. Ndiyo iliyokosekana katika macho ya baba. Mtu akiwa na nuru hiyo machoni, picha humrudisha hata akiwa mbali. Asipokuwa nayo, hata akicheka huonekana kama aliyelala. Nayo haitoki juani. Hutoka katika mahali pa wazi penye nuru kubwa, ambapo mtu aliye kivulini amepaelekea. Tangu siku ile sitafuti tena jua. Natafuta kivuli kinachotazama mahali pa wazi.

Tabora hatukosi kivuli. Miembe mikubwa ya njia za zamani, ambayo watu husema ilitokana na kokwa za misafara, yatosha kwa kila mtu. Lakini usimweke mtu katikati, karibu na shina, kwa maana huko nuru ni haba na majani humtia ukijani usoni. Mlete ukingoni, mahali ambapo vidole vyake vya miguu vyakaribia jua, naye atazame nje. Angalia juu yake kama majani yamefungamana; yakiwa na matundu, jua litadondosha madoa usoni, na doa moja juu ya jicho laweza kuharibu kazi yote. Uwanja uliofagiliwa vizuri husaidia sana, maana mchanga mkavu hurudisha nuru juu, chini ya kidevu na chini ya kofia. Udongo mwekundu nao hurudisha nuru, ila huleta na wekundu wake. Ikiwa uwanja ni wa majani au wa weusi, mtandikie shuka nyeupe magotini, au mwambie mtoto aishike mbele yake chini kidogo, isionekane pichani. Wapiga picha wakubwa wananunua vitambaa vya kazi hii kwa fedha nyingi. Shuka ya kitanda hufanya kazi ile ile.

Baraza ya nyumba ni nzuri vilevile, mradi ujue iko upande gani. Tangu mwanzo wa Oktoba hata mwanzo wa Machi jua la adhuhuri hupita kusini yetu, kwa hiyo baraza ya kaskazini ndiyo yenye kivuli. Miezi mingine ni kinyume chake, baraza ya kusini ndiyo ya kukimbilia. Siku za masika, mbingu ikifunikwa na mawingu meupe, huna haja ya kutafuta kitu: wingu lote limekuwa shuka. Na kabla ya hayo yote, ufute jicho la simu kwa kitambaa kisafi, kwa sababu hukaa mfukoni pamoja na karanga na chenji, na ukungu wote ambao watu huulaumu asubuhi, nusu yake ni mafuta ya vidole.

Jambo la kofia ni gumu, nami sitajifanya nimelimaliza. Kumwambia mzee avue kofia yake ni kumwambia atoke katika heshima yake, hasa mbele ya watoto. Mimi simwambii. Humwomba akae juu ya kigoda, nami nikachuchumaa chini yake kidogo, ili uso wake utazame nje na ukingo wa kofia uinuke wenyewe. Mara nyingi hilo latosha. Wala simwambii mtu "cheka." Humwuliza habari za shamba.

Sasa nirudi nyumbani kwa mama. Kwa miaka mingi alikataa kupigwa picha, akisema yeye na picha hawapatani. Nalijua aliogopa nini: kila siku alipita mbele ya kanzu ile iliyotundikwa sebuleni. Sikumshurutisha. Lakini mwezi wa Julai mwaka jana, nilipokwenda likizo, nalimkuta asubuhi moja katika baraza ya kusini, amekaa juu ya mkeka akibangua karanga za mbegu. Kivuli kilikuwa kimetulia, uwanja mbele yake umefagiliwa ukawa mweupe, na nyuma yake mlango wa jikoni ulikuwa wazi na giza ndani. Nalikaa chini mbele yake, nikamwuliza karanga za mwaka huu zina ugonjwa gani. Akainua macho anijibu. Nalipiga picha moja tu.

Alikasirika kidogo, kisha akanyosha mkono aitazame. Aliitazama muda mrefu, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali, kama afanyavyo na barua. Akasema, "Haya ni macho ya mama yangu." Bibi huyo mimi sikumwona, alifariki kabla sijazaliwa, wala hakuacha picha. Mama alizidi kutazama, kisha akaniuliza kama baba naye ningeweza kumpiga vile. Nalimjibu kwamba ningeweza, siku ile ile ya Pasaka, kama ningalimsogeza hatua kumi mpaka kwenye mwembe ulio nyuma ya kanisa. Hakunijibu. Alirudisha simu mkononi mwangu, akachukua karanga nyingine.

Mchana shangazi alikuja kutusalimu, naye ni mweusi kama kaka yake, na miaka yake imekwisha kupita themanini. Mama akaniambia nimwonyeshe. Shangazi aliishika simu kwa mikono miwili, asiseme neno kwa kitambo. Kisha akauvuta mkeka, akafunga vizuri kitambaa chake cha kichwa, akauliza, "Na mimi nikae wapi?"

Nalimwambia asogee mbele kidogo, mpaka ukingo wa kivuli umfikie vidoleni.